Kiwanja Nilichokikagua Nikiwa Garini

Vijana wa ukaguzi wa majengo, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, na najua mlitarajia upana wa madirisha na kina cha vyoo. Hayo yamo kwenye vitabu vyenu, yasomeni. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyoingiza maji katika kijiji kizima kwa kalamu, nikiwa nimekaa kitako na soda baridi mkononi, na jinsi kijiji hicho kilivyokaribia kufutwa kwa kosa la kulowa.

Nilikuwa afisa wa afya Garsen miaka ile ya mwisho ya tisini. Jina langu ni Kadzo, lakini kwa watu nilikuwa Bibi Afya, na nikipita sokoni wenye mabucha waliwafukuza nzi kwa bidii ambayo nzi wenyewe waliishangaa. Nilikagua visima, mabucha na hoteli za chai. Na kila aliyetaka kujenga, mimi ndiye niliyesema kama kiwanja chake kinafaa kukaliwa na binadamu. Mimi mtoto wa Malindi, nimezoea nchi ambayo ukilala pakavu unaamka pakavu. Kuhusu Mto Tana sikujua lolote, na kama mjuavyo, asiyejua lolote ndiye hupewa kiti cha kuamua.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Zuberi, karani wa mipango, mtu wa Kipini, mwembamba, mpole, aliyeshika majalada kwa ncha za vidole utadhani yana moto. Alinifundisha mambo mawili. Moja lilinifaa maisha yangu yote, na la pili nusura linitoe roho.

La kwanza ni kusoma kiwanja. "Ramani iwate, mwanangu," aliniambia, yaani niiache. "Imechorwa na mtu alokuwa na haraka ya kurudi Nairobi." Akanionyesha vichuguu: mchwa hajengi mahali maji yanapokaa. Akanionyesha mstari wa tope kavu kwenye shina la mti. Weka mkono pale kwenye mstari, kisha uulinganishe na dirisha la mteja wako, utajua atakapolala mafuriko yakija. Udongo mweusi ukiwa na nyufa zinazomeza kiatu, lile ni bwawa lililokwenda safari, na litarudi. Chimba shimo la kina cha mkono, kanywe chai, urudi. Ukikuta maji yanakungoja, choo hakichimbwi hapo. Halafu waulize watu wawili, mwanamke anayechota maji na mwenye ng'ombe. Mwenye kiwanja usimwulize, maana tangu anunue hajawahi kuona tone.

Hayo yote ni kweli mpaka leo, na simu zenu zinazoonyesha picha za kutoka angani haziyajui.

Jambo la pili aliita kujikinga. Jalada la ujenzi lilipita kwa maafisa watano: wa ardhi, wa maji, wa barabara, mimi wa afya, na mwisho katibu wa kamati. Mzee Zuberi alinionya nisiandike kamwe neno "naidhinisha" likiwa peke yake, kama mtu asivyotoka nje bila nguo. Afisa wa ardhi aliandika, "Sina pingamizi, kwa sharti kwamba afisa wa maji akubali." Wa maji aliandika, "Sina pingamizi, kwa sharti kwamba wa barabara akubali." Wa barabara alinisukumia mimi, nami nikamsukumia katibu. Katibu, mtu wa elimu kubwa, aliandika, "Imepita, kwa sharti kwamba maafisa wote waliotangulia walikubali." Jalada likawa na saini tano, na ukilisoma kwa makini hakuna aliyekubali kitu. Nyumba zilijengwa hivyo miaka na miaka, kwa idhini ya hakuna mtu, na zikisimama sote tulizisifu.

Kwa kuwa sharti lenyewe lilikuwa refu, Mzee Zuberi alikwenda Malindi akatengenezesha muhuri wenye maneno hayo, kwa pesa zake mwenyewe. Alikuwa akituazima kama mtu anavyoazima mwavuli. Siku alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani, akatushukuru kwa machozi, akaondoka na muhuri mfukoni mwa kanzu.

Sasa njooni kwenye kiwanja chenyewe.

Mafuriko ya El Nino yalipokwisha, Garsen ilijaa watu wa miradi. Mmoja wao alikuja na Land Rover nyeupe na sanduku la barafu. Hakutaka kuitwa mwenye nyumba wala tajiri. Alisema yeye ni mstawishaji. Alikuwa amenunua uwanda mpana karibu na barabara, na alitaka kujenga nyumba za kupanga kwa wafanyakazi wa serikali na mashirika: vyumba vya kisasa, ukuta wa mawe, lango lenye mlinzi. Mtaa huo aliuita Mustarehe Estate, na watu wakamwita yeye Bwana Mustarehe, jina alilolipenda kuliko lake.

Katikati ya uwanda ule ulipita mkondo wa zamani wa mto. Wakati wa kiangazi ulikuwa handaki refu tu lenye majani makavu na mbolea ya ng'ombe. Upande wa juu wa mkondo kulikuwa na kijiji cha Migombani, Wapokomo wakulima wa mpunga na ndizi. Mto ukijaa, maji yaliingia kwenye majaruba yao, yakakaa siku chache, mpunga ukashiba, kisha maji yakatoka kwa mkondo ule kuelekea chini. Na maji yakishakauka, Waorma walipitisha ng'ombe wao humo humo kwenda kunywa mtoni. Njia kama hiyo ya ng'ombe kufika mtoni wao huiita malka, na kwao kuifunga malka si jambo la kujadiliwa. Kwa hiyo handaki lile lisilo na faida lilikuwa na kazi mbili, na wenye kazi hizo walizijua. Kwenye ramani halikuwepo.

Bwana Mustarehe alipanga kulifukia, kulitandaza na kujenga juu yake.

Wakati huo sheria mpya ya mazingira ilikuwa ingali njiani, watu wa semina walikuwa wakiisifu kabla haijazaliwa. Bwana Mustarehe, mtu wa kisasa, aliamua kuiwahi. Alileta mtaalamu aliyekaa Garsen muda wa kula samaki mmoja, na baada ya wiki tukapokea ripoti ya athari kwa mazingira, nene, yenye jalada la plastiki. Niliisoma. Ilisema kwamba mradi hautaharibu ufuo wa mchanga mweupe wala kuwasumbua wageni wanaoota jua. Wanangu, kutoka Garsen hadi ufuo wowote ni safari ya kubeba chakula. Mtaalamu alikuwa amenakili ripoti ya hoteli fulani ya pwani na kubadilisha jina la mahali. Nilidhani kamati itacheka. Katibu aliuliza, kwa uzito wote, kama kasa watabakiziwa mahali pa kutagia. Bwana Mustarehe akaahidi, mbele ya mashahidi, kwamba hakuna kasa hata mmoja atakayebughudhiwa. Kamati ikaridhika, na kwa kweli ahadi hiyo aliitimiza.

Nilicheka sana siku ile. Sasa nitawaambia nilichofanya mimi niliyekuwa nikicheka.

Siku ya ukaguzi Bwana Mustarehe alinifuata ofisini na Land Rover. Ilikuwa saa saba mchana wa kiangazi, na joto la Garsen mnalijua. Tulipofika alisimamisha gari juu ya kijilima, akafungua sanduku la barafu, akanipa soda. Nilishika mlango nishuke.

"Bibi Afya, ya nini kujichosha?" akasema. "Kiwanja si unakiona?"

Na kweli nilikiona. Kioo kilikuwa safi. Niliona uwanda mkavu na nyasi za manjano. Kwa mbali niliona handaki, nikaliona pia kundi la ng'ombe likipita ndani yake, migongo tu ikionekana, na sikujiuliza kwa nini ng'ombe wenye uwanda mzima wa kutembelea wachague shimo. Sikutazama shina la mti. Sikutafuta kichuguu. Sikumwuliza mwanamke wala mchungaji. Soda ilikuwa baridi hasa.

Tukaondoka. Njiani akaniwekea jalada magotini, akasema anakwenda Malindi na angependa kupita ofisini nalo likiwa tayari. Maafisa watatu walionitangulia walikwisha kuandika masharti yao kwa mkono. Muhuri ulikuwa Kipini kwa Mzee Zuberi. Gari lilikuwa likiruka kwenye mashimo, kalamu ilikuwa inatema wino, na maneno ya sharti yalikuwa marefu. Nikaandika yaliyoenea: "Nimekagua kiwanja. Kinafaa. Naidhinisha." Nikatia saini, nayo ikawa na mkia mrefu kwa sababu ya shimo.

Katika historia ya ofisi ile, nadhani hiyo ndiyo idhini pekee ya kweli iliyowahi kutolewa.

Nyumba zilisimama upesi. Mkondo ulifukiwa kwa kifusi na udongo mwekundu, nyumba mbili zikakaa juu yake kabisa, na langoni pakapandwa maua. Kisha masika ya mwaka uliofuata yakaja. Hayakuwa El Nino. Yalikuwa mafuriko ya kawaida, yale ambayo mkulima wa Tana huyangojea kwa hamu na kuyalalamikia yakichelewa. Maji yaliingia Migombani kama kawaida, yakalisha mpunga kama kawaida, yakashuka kutafuta njia ya kutokea, yakakuta ukuta wa Mustarehe Estate. Yakageuka, yakarudi kijijini, yakakaa.

Wiki ya kwanza watu walingoja. Wiki ya tatu mpunga ulianza kuoza kwenye shina. Vyoo vilifurika, na kilichokuwa ndani ya vyoo kikaingia kisimani. Kisima cha Migombani kilikuwa kimoja, uani kwa Mama Hadhara, mjane, mkulima, mwenye sauti isiyopanda hata akigombana. Watoto walianza kuharisha. Nilifika na dawa ya kutia kisimani, nikaimimina, nikijua ni sawa na kutia chumvi baharini. Mbu walikuwa wengi mpaka mtu akizungumza alilazimika kufunika mdomo.

Ofisini tulilitoa jalada. Mngeona! Afisa wa ardhi alisoma sharti lake kwa sauti, akapumua. Wa maji akasoma lake, akamtazama wa barabara. Wa barabara akasoma, akanitazama mimi. Nami nikasema ninaumwa na kichwa, nikatoka nje. Bwana Mustarehe alipoitwa alionyesha saini tano, akasema yeye ni raia mwema aliyefuata utaratibu, na kuhusu maji, hiyo ni kazi ya Mungu na yeye hawezi kuingilia.

Kamati ikakaa. Nimehudhuria vikao vingi maishani mwangu, lakini akili kama ile sijaiona tena. Katibu aliuliza, "Hiki kijiji cha Migombani kina ramani iliyoidhinishwa?" Migombani kilikuwepo kabla ya ofisi yetu, kabla ya barabara, na pengine kabla neno kamati halijafika Tana. "Basi," akasema katibu, "kimejengwa kinyume cha sheria, tena mahali panapotuama maji." Wote wakatikisa vichwa. Mustarehe Estate ilikuwa na karatasi, Migombani hakina. Ikaamuliwa kwamba nyumba za Migombani zitangazwe kuwa hazifai kukaliwa na watu, na wenyeji wahame ndani ya siku thelathini waende mahali patakapotangazwa. Na kwa mujibu wa sheria ya afya, wa kutia saini notisi hiyo alikuwa afisa wa afya.

Nilichukua notisi, bado haina saini, nikavaa buti za mpira, nikaenda Migombani kuisoma. Nilijiambia ninakwenda kuwaandaa watu. Ukweli ni kwamba nilitumaini watanitukana, ili nipate hasira ya kunisaidia kutia saini.

Hawakunitukana. Mama Hadhara alinikaribisha juu ya kitanda, kwa sababu sakafuni palikuwa na maji. Ukuta wake wa udongo ulikuwa umelowa mpaka kiunoni. Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma aliyekuja kuulizia habari ya malka yake, alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mabegani.

"Hii barua yasema nini?" Mama Hadhara akauliza.

"Inasema hapa hapafai kukaliwa, mama. Kuna maji."

"Maji twayaona. Hatukutaka barua kuyaona. Mwaka ule wa El Nino maji ilifika dirishani, ikaenda. Hii ya sasa ni ya magoti, na haiendi. Mimi sikusoma, lakini nataka kujua. Ni nani kaizuia?"

"Mimi naweza kukuambia," akasema Mzee Barisa. "Ile nyumba iko ndani ya malka. Ng'ombe yangu nafika pale, naangalia dirisha. Dirisha naangalia ng'ombe. Kila mtu nashangaa."

Watu wakacheka, hata mimi. Mama Hadhara hakucheka.

"Sasa serikali haina mtu?" akauliza. "Mtu wa kuja kuangalia mahali, kabla nyumba haijajengwa, aseme hapa hapana, hapa ndiyo? Hayuko mtu kama huyo?"

"Yuko," nikasema.

"Basi mwambie aje aangalie."

Nilimwambia nitamwambia. Nilirudi na buti zimejaa maji na uso unawaka. Nimeaibika mara nyingi katika maisha, lakini aibu ile ilikuwa na uzito, nilihisi hata hatua zangu zimekuwa fupi.

Kesho yake nilifunga safari hadi Kipini kwa Mzee Zuberi. Nilimkuta barazani, saa yetu ya ukutani inatembea nyuma yake, amenawiri kama mtu asiye na jalada. Nikamweleza yote, mpaka soda. Aliposikia nimeandika "naidhinisha" bila sharti, aliweka kikombe chini.

"Peke yake? Hukutia kitu mbele wala nyuma?"

"Gari lilikuwa linaruka, mzee."

"Mwanangu, umejiua." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Wa ardhi ametia sharti. Wa mayi ametia sharti. Wa ndia, sharti. Katibu, sharti. Basi idhini ya nyumba zile zote ni yako wewe, hakuna nyingine. Ukisema hukushuka garini, zile nyumba hazina karatasi kabisa, na dhima yote itakwangukia wewe. Sikiza. Nyamaza. Tia sahihi hiyo notisi, wale watu watahama, mayi yatakauka, na jalada litaliwa na mchwa."

Alikuwa akinihurumia kwa dhati, na nilimpenda mzee yule. Lakini nilikuwa nimeacha kumsikiliza kwenye maneno "hazina karatasi kabisa." Kanuni zetu za ujenzi zilikuwa wazi: afisa aliyetoa idhini anaweza kuibatilisha ikiwa ilitolewa kwa maelezo yasiyo ya kweli. Wenzangu wanne hawakuweza kubatilisha kitu, maana hawakuwa wameidhinisha. Mtu pekee Tana nzima aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kuyatoa maji yale Migombani ni yule aliyeyaingiza. Na ili aufungue uwezo huo, ilimbidi aandike kwamba yeye ni mwongo.

Nawaambieni, sikufanya haraka kama mashujaa. Nilikuwa na wazazi wanaonitegemea Malindi, na kazi ya serikali wakati ule haikuwa kitu cha kuchezea. Siku tatu nilitembea na karatasi mbili mkobani, notisi ya kuhamisha Migombani na karatasi tupu. Siku ya nne nilikwenda kupima kisima cha Mama Hadhara, nikakuta amefunga kamba juu ya maji kutoka mlangoni kwake hadi kwa jirani, ili wazee wasianguke wanapopita. Alikuwa anajiandaa kuishi humo. Nilirudi ofisini, karatasi tupu nikaiandika: sikushuka garini, sikukagua, maelezo yangu hayakuwa ya kweli, naibatilisha idhini, na ninamwamuru mwenye Mustarehe Estate aufungue mkondo kwa sababu kuuziba ni kero kwa afya ya watu. Saini ya safari hii haikuwa na mkia.

Katibu aliposoma aliniuliza kama nimeongeza sharti lolote. Nikasema hapana. Akafunga jalada taratibu, akaliweka mezani kwangu, akapangusa mikono.

Bwana Mustarehe akaenda kortini. Wakili wake, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alisema maji ni kazi ya Mungu, alisema nyumba zimekwisha kujengwa, na alisema sheria mpya ya mazingira, ambayo kufikia hapo ilikuwa imepitishwa, haiwezi kurudi nyuma kumshika mteja wake. Hapo alikuwa sahihi. Tuliyokuwa nayo ni sheria kuukuu ya afya na saini yangu. Hakimu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliagiza korti nzima iende kwenye kiwanja. Gari liliposimama, yeye ndiye aliyeshuka wa kwanza. Akatembea kuufuata mkondo uliofukiwa mpaka mahali maji yalipoanza, wakili akimfuata kwa kuruka kutoka kwenye jiwe hadi jiwe.

Wakili akanigeukia. "Bibi, siku ya ukaguzi wewe ulisimama wapi hasa?"

"Sikusimama. Nilikaa."

"Ulikaa wapi?"

"Kwenye gari la mteja wako, nikinywa soda yake."

Watu wa Migombani waliokuwa wamejipanga kwenye tuta walicheka. Bwana Mustarehe akarudia kwamba maji ni ya Mungu. Hakimu akamwambia, "Na mkondo pia ulikuwa wa Mungu. Nauliza ni nani aliyeufukia." Nilimtafuta Mama Hadhara kwenye umati. Alikuwa akinitazama mimi, na alikuwa ameelewa.

Hukumu ilikuwa fupi. Idhini ilikuwa batili tangu mwanzo, mkondo ufunguliwe, nyumba mbili zilizokaa juu yake zibomolewe kwa gharama ya aliyezijenga, na Migombani kisiguswe. Mimi nikasimamishwa kazi. Barua yangu ilitoka siku ile ile, nami nikashangaa, maana sikujua kwamba ofisi yetu inaweza kufanya jambo lolote kwa siku moja. Baadaye nilirudishwa, nikapelekwa mbali, nikakaa kwenye cheo kile kile miaka mingi huku niliowafundisha wakinipita. Sina kinyongo. Dhima ni hiyo, wanangu. Msidhani ni neno la mawakili. Ni jibu la swali aliloniuliza Mama Hadhara: ni nani kaizuia? Kila sheria ya mazingira mtakayoisoma, hata ile nene iliyokuja baadaye yenye vifungu na faini, inatafuta mtu mmoja wa kusema "mimi". Kazi ya majalada mengi niliyoyaona ilikuwa kuhakikisha mtu huyo hapatikani.

Tingatinga lilifungua mkondo, na maji yaliyokaa Migombani tangu masika yalitoka kwa siku mbili. Nilikwenda siku ya tatu. Hakuna aliyenituma, sikuwa tena na kazi. Kijiji kilinuka tope na mpunga uliooza. Ukuta wa Mama Hadhara uliokuwa umesimama majini muda wote ule ulipasuka ulipoanza kukauka, na upande mmoja wa nyumba ukaanguka asubuhi ile ile. Nilimkuta uani na wanawake wengine wanne, wanatoa tope kisimani kwa ndoo na kamba.

"Mama Hadhara," nikasema, "yule mtu uliyesema aje aangalie ni mimi. Ilikuwa ni mimi tangu siku ile, nikakuficha."

"Nilisikia pale kiwanjani."

"Nimekuja nikuambie mwenyewe."

Alinitazama, kisha akautazama ukuta wake ulioanguka. Akainama, akachukua karai lililokuwa tupu, akanipa.

"Tope yamwagwa kule, nyuma ya migomba," akasema. "Si hapa karibu, itarudi."

Nilivua viatu. Nilibeba tope mpaka adhuhuri ikapita na alasiri ikafika, mikono ikachubuka, mgongo ukakataa kunyooka. Nilifanya kazi pamoja na wanawake wale siku nzima, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.